Baba siku ya 9 baada ya kuondolewa tezi dume: mkojo unavuja pembeni ya mpira, hajapata choo siku 4

Mlezi_Ngaramtoni | Jumatatu, saa 1:40 usiku

Habari za jioni wana jukwaa, na shikamooni mliotutangulia.

Nauguza baba, miaka 67. Alifanyiwa upasuaji wa wazi Moshi, ameondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Leo ni siku ya 9. Aliruhusiwa siku ya 5, tuko naye nyumbani Ngaramtoni, na mpira wa mkojo amepangiwa kutolewa siku ya 14. Vipimo vya leo jioni: joto 36.8, mkojo wa saa 24 kwenye mfuko mililita 1,900, mshono mkavu, anakula.

Yanayonisumbua ni haya. Tangu jana mkojo unachuruzika pembeni ya mpira, si mwingi ila unalowesha shuka, na ulio kwenye mfuko umekuwa wa rangi ya waridi. Hajapata choo siku 4 na akienda anajikamua sana. Anatumia tramadoli mara tatu kwa siku, enalaprili ya presha aliyoizoea, na tamsulosini aliyoanzishwa kabla ya upasuaji kwa ajili ya mkojo kusita.

Mjomba anasema tusihangaike kurudi Moshi, nesi wa zahanati ya hapa anajua kutoa mpira, autoe hata kesho maana unavuja, haufanyi kazi. Na yale mazoezi ya kubana msuli wa kuzuia mkojo, aanze lini na yanafanywaje hasa?

Muuguzi_Uroloji | Jumatatu, saa 2:15 usiku

Pole kwa kuuguza, na mfikishie mzee salamu. Mililita 1,900 kwenye mfuko na joto 36.8 ni habari njema: mpira unafanya kazi. Kwa hiyo la mjomba kwanza. Mpira usitolewe kesho, na usitolewe zahanati.

Sababu ni hii. Njia ya mkojo inapita katikati ya tezi dume. Tezi ikiondolewa yote, pamoja na vifuko vya shahawa, linabaki pengo kati ya kibofu na njia ya mkojo. Daktari huivuta shingo ya kibofu chini, akaishona kwenye ncha ya njia ya mkojo iliyobaki. Mpira umepita katikati ya huo mshono wa ndani. Unatoa mkojo, ndiyo, lakini pia unaushikilia mshono upone ukiwa umenyooka. Fikirieni parachichi la kubebesha: utepe ukifunguliwa kabla kikonyo hakijashika, kazi yote imepotea. Kila katazo mlilopewa, la kubeba mizigo, kujikamua au kupanda bodaboda, linalinda sehemu hiyo moja ambayo hamuioni.

Watu wengi wanachanganya upasuaji huu na ule wa tezi dume iliyovimba bila saratani. Kule ganda la nje la tezi hubaki na mpira huweza kutolewa baada ya siku chache. Nesi wa zahanati huenda amewatoa wengi wa aina hiyo bila shida, na ndiyo maana mjomba ana imani naye. Wa baba ni upasuaji mwingine. Mpira ukitoka mapema halafu mkojo ukaziba, mtu atataka kuurudisha kwa kusukuma. Ukisukumwa bila kuona, unaweza kupita kwenye mshono na kuuchana. Hata ukichomoka wenyewe usiku, asiurudishe yeyote. Pigeni simu wodi aliyolazwa, na mwende kwa daktari wa mkojo.

Fanya hivi usiku huu huu: chukua plasta nyeupe, izungushe kwenye mpira karibu na unapoungana na mfuko, uandike kwa kalamu ya wino mzito: USITOE, USIBADILISHE, MSHONO WA KIBOFU, pamoja na tarehe ya upasuaji na namba ya simu ya wodi. Mzee akizidiwa akapelekwa mahali wasipomjua, plasta hiyo itamsemea.

Sasa kuvuja pembeni. Kagua kwa mpangilio huu:

1. Fuata mpira kwa vidole tangu unapotokea mwilini hadi kwenye mfuko. Umekunjika? Ameulalia? Suruali inaubana?
2. Mfuko uko chini ya kiuno? Ukiwekwa kitandani kando yake, mkojo haushuki.
3. Umejaa? Umwage ukifika theluthi mbili. Mfuko wa lita 2 uliojaa una uzito wa kilo 2, na uzito huo unavuta puto la mpira, lile lililo ndani ya kibofu kuuzuia usichomoke.
4. Mpira umefungwa kwenye paja kwa plasta, ukiachiwa ulegevu kidogo? Ukining'inia bila kufungwa, kila hatua anayopiga unamvuta.

Vikiwa sawa vyote, basi ni kibofu kinachojikunja. Kinaligusa puto, kinadhani kimejaa, kinasukuma, na mkojo unapita pembeni. Mgonjwa husikia kama anabanwa na haja ndogo ghafla, wakati mwingine maumivu yanafika kwenye ncha ya uume. Choo kigumu kilichojaa nyuma ya kibofu huzidisha hali hiyo, na kwa baba naona ndiko tatizo lilikoanzia. Ipo dawa ya kutuliza kibofu, oksibutinini, lakini inafunga choo zaidi, kwa hiyo tumbo lishughulikiwe kwanza. Daktari akimwandikia, aulizwe siku ya kuiacha kabla ya mpira kutolewa.

Rangi ya waridi baada ya kujikamua au kutembea ni ya kawaida, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Anywe glasi mbili za maji na apumzike, itapauka. Ikiwa nyekundu nzito, au yakaonekana mabonge, au mfuko usiongezeke kwa saa 2 huku tumbo la chini likijaa na kuuma, hiyo ni dharura, mwende usiku huo huo. Msisukume maji kwenye mpira nyumbani kama hamkufundishwa.

Usafi: maji na sabuni ya kawaida, asubuhi na jioni. Osha ncha ya uume, kisha mpira kwa sentimita 10 kwenda nje, usirudi nyuma. Asiwekewe dettol wala spiriti, zinachoma ngozi hiyo laini. Kama hakutahiriwa, ngozi ya mbele irudishwe mahali pake kila baada ya kuosha, ikiachwa nyuma inavimba na kubana. Korodani zikivimba au kuwa na rangi ya zambarau wiki hizi mbili msishtuke, viringisha taulo dogo uliweke chini yake anapolala.

Famasi_Kaloleni | Jumatatu, saa 2:50 usiku

Naongezea upande wa dawa na tumbo.

Tramadoli inafunga choo. Kama maumivu yamepungua, aulizwe daktari wake kama anaweza kubaki na parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku (na pungufu ya hapo kama ini lake lina shida au ni mwembamba sana). Asijiongezee diklofenaki ya dukani. Ina mgogoro na dawa ya presha anayotumia, figo ndizo zinazolipa.

Kulainisha choo: laktulosi, mililita 15 asubuhi na mililita 15 jioni. Inachukua saa 24 hadi 48 kufanya kazi, kwa hiyo asikate tamaa kesho asubuhi akanywa chupa nzima. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa asitumie, wala enema, wala kidole cha mtu yeyote kumkagua, kwa wiki 6 isipokuwa daktari aliyempasua ameagiza. Puru inapakana na pale aliposhonwa, ukuta mwembamba tu ndio unaotenganisha.

Chakula: mtori unampa nguvu lakini ukiwa ndio mlo wa asubuhi, mchana na jioni hauna nyuzi za kutosha. Muongezee papai, parachichi, maharage yaliyoiva sana, mchicha au mnafu, uji wa ulezi au wa dona. Maji lita 2 kwa siku. Akianza kutapika, tumbo likajaa kama ngoma na hata ushuzi hautoki, usimpe dawa yoyote ya kuharisha, mpeleke hospitali, huenda matumbo yamesimama.

Tamsulosini: kazi yake ilikuwa kulegeza tezi dume na shingo ya kibofu ili mkojo upite. Tezi haipo tena, na mpira ukitoka atahitaji shingo ikaze, si ilegee. Mara nyingi dawa hii huachwa baada ya upasuaji kama huu. Mpigieni daktari mumuulize kwa jina la dawa, msingoje siku ya 14.

Enalaprili asiiache. Lakini muangalie: ana kikohozi kikavu? Dawa za kundi hilo huwaletea watu wengine kikohozi kisichoisha. Kabla ya upasuaji kilikuwa kero ndogo, sasa kila akikohoa atavuja na mshono wa tumbo utavutika. Kikiwepo, daktari ana dawa nyingine ya presha ya kumbadilishia.

Swali moja: alipewa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda?

Mlezi_Ngaramtoni | Jumatatu, saa 3:20 usiku

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mpira ulikuwa umefungwa kwa nguvu bila ulegevu, nimeurekebisha, na plasta nimeiandika.

Sindano ndiyo, enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku. Zimebaki 6 kwenye friji, mama alitaka tuziache kwa vile anatembea. Na kikohozi kweli kipo, tulidhani ni vumbi.

Pia choo chetu ni cha kuchuchumaa. Anaweza?

Famasi_Kaloleni | Jumatatu, saa 3:35 usiku

Zimalizeni zote kama alivyoandikiwa. Baada ya upasuaji wa saratani ya nyonga hatari ya damu kuganda miguuni huendelea kama wiki 4, hata kwa anayetembea. Na zitoe kwenye friji, hukaa vizuri kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi 25, zisigande. Badilisheni upande wa tumbo kila siku, mbali na mshono na kitovu, na msisugue baada ya kuchoma.

Mguu mmoja ukivimba au shavu la mguu likauma akiligusa, au akibanwa kifua na pumzi ikakata ghafla, ni hospitali ya karibu mara moja, Mount Meru au iliyo jirani zaidi. Hapo msianze safari ya Moshi.

Muuguzi_Uroloji | Jumatatu, saa 3:50 usiku

Kuchuchumaa kwenyewe si kubaya kwa choo, mkao huo unanyoosha njia. Shida ziko mbili: kushuka na kuinuka kunavuta mshono wa tumbo, na mfuko unaburuzwa sakafuni. Fundi wa mbao anaweza kuwatengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kimo cha sentimita 40 hivi. Mpaka kipatikane, apigiwe msumari ukutani usawa wa paja lake akiwa amechuchumaa, mfuko uning'inie hapo, chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na mtu amshike mkono anapoinuka. Akae dakika chache, choo kisipotoka ainuke. Kukaa nusu saa akijikamua ndiko kunakoleta damu hiyo.

Fizio_Moshi | Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Nimesoma yote. Mazoezi ya kubana: asianze sasa. Kuna vikaratasi vinavyosema yaanze mara tu baada ya upasuaji, nami sikubaliani navyo kwa mgonjwa aliye bado na mpira. Akibana, msuli unaukaza mpira, kibofu kinachokozeka, na mshono unasuguliwa. Ataanza baada ya mpira kutoka na daktari kuridhika.

Anachoweza kufanya leo ni kutembea. Dakika 5 hadi 10, mara 5 au 6 kwa siku, ndani ya uwanja, kwenye tambarare. Asipande vilima vya Ngaramtoni bado. Akilala, azungushe vifundo vya miguu mara 20 kila saa, na avute pumzi ndefu mara 10 ili mapafu yasijae makohozi. Kuinuka kitandani: ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Asiinuke moja kwa moja kama anakaa kitako, hapo mshono wa tumbo ndio unaofanya kazi yote. Akitaka kukohoa, akumbatie mto tumboni.

Mwisho wa kubeba ni kilo 5 kwa wiki 6. Dumu la lita 5 lililojaa ndilo hilo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mkungu wa ndizi unaweza kuzidi hapo. Jembe, kukata majani ya ng'ombe, kusukuma gari, vyote visubiri. Ngiri kwenye mshono wa tumbo hutokea kwa watu walioanza kazi wiki ya tatu kwa sababu "hakuna kinachouma".

Sasa kubana kwenyewe. Naeleza kwa kirefu kwa sababu wazee wengi wanafanya miezi mitatu wakikaza makalio, halafu wanasema mazoezi hayasaidii.

Alale chali, magoti yameinuliwa, nyayo kitandani. Mkono mmoja tumboni chini ya kitovu. Afikirie anaingia mtoni asubuhi, maji ya mlimani yanafika mapajani, na anazipandisha korodani zisiguswe na maji. Ndiyo mwendo wenyewe. Wengine wanaelewa upesi zaidi wakiambiwa wazuie ushuzi mbele za watu bila mtu kujua. Akipatia, shina la uume linaingia ndani kidogo na korodani zinapanda. Akitazama kwenye kioo kidogo ataona. Tumbo chini ya mkono wake linabaki laini, makalio hayasogei, mapaja hayabanani.

Ashike sekunde 5 huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Sauti ni ya lazima siku za kwanza, maana huwezi kuhesabu kwa sauti ukiwa umezuia pumzi, na kuzuia pumzi kunasukuma chini badala ya kuvuta juu. Kisha aachie kabisa sekunde 5 hadi 10. Kuachia ni nusu ya zoezi. Mara 10 hivyo, kisha 10 za haraka, bana na achia. Seti hiyo mara 3 kwa siku: ya kwanza amelala, wiki inayofuata amekaa, halafu amesimama. Sekunde zipande taratibu hadi 10. Asizidishe seti, msuli ukichoka asubuhi hautakuwepo jioni. Na asifanye mazoezi kwa kukatakata mkojo chooni, kunafundisha kibofu kutomwaga chote.

Linaloleta tofauti kubwa ni hili: abane kabla ya tendo. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, kabla ya kukohoa, kupiga chafya, kunyanyua sufuria, kushuka kwenye gari. Bana, kisha inuka, kisha achia. Tezi ilipokuwepo, kufuli lilikuwa la sehemu mbili na hakuhitaji kufikiri. Sasa imebaki sehemu moja, na lazima ijifunze kufunga kwa wakati.

Mlezi_Ngaramtoni | Jumanne, saa 7:10 mchana

Amepata choo saa 5 leo, kidogo lakini bila kujikamua. Mkojo wa pembeni umepungua na rangi imepauka. Daktari amepokea simu: tamsulosini aache, dawa ya presha ataibadilisha siku ya 14.

Siku hiyo tumwandaeje? Na akitolewa atavuja kiasi gani? Anaogopa sana kunuka mkojo kanisani.

Muuguzi_Uroloji | Jumanne, saa 8:00 mchana

Nimefurahi kwa habari hiyo.

Kuhusu safari: kutoka Arusha mjini hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Gari dogo ni bora kuliko Coaster, akae kiti cha mbele kilichoegemezwa nyuma, shuka lililokunjwa liwekwe kati ya mkanda na mshono. Kutoka kwenu mnaweza kupita barabara ya mchepuo hadi Usa River mkakwepa foleni ya mjini. Mfuko umwagwe kabla ya kuondoka, ufungwe kwenye muundi, usiwekwe mapajani. Dereva apunguze mwendo mapema kwenye matuta. Simameni Usa River na Boma Ng'ombe, ashuke atembee dakika 5. Bodaboda asipande hata kutoka barabarani hadi nyumbani. Kiti chake kinakandamiza palepale paliposhonwa, na pikipiki na baiskeli zote zisubiri wiki 8 hadi 12.

Fikeni asubuhi, saa 2. Bebeni pedi au pampasi za watu wazima 4, chupi 2 za kubana (si bukta), suruali nyeusi ya akiba, mfuko wa plastiki na taulo. Wengine hupigwa picha ya eksirei yenye dawa kwanza kuona kama mshono wa ndani umeziba. Ukionekana unavuja mpira hurudi nyumbani naye kwa wiki moja zaidi, na hilo si kosa la mtu. Kuutoa kwenyewe ni dakika moja: maji ya puto yanavutwa kwa sirinji, mpira unatoka kwa kuteleza. Msigeuze gari papo hapo. Akae hospitali hadi akojoe mara 2 au 3. Mkojo ukigoma kwa saa 4 huku amebanwa, arudi dirisha lile lile. Akigomewa akiwa ameshafika Ngaramtoni, usiku, ndipo yale ya zahanati yanapoanza upya.

Kuvuja: siku za kwanza huwa kwingi, pedi 4 hadi 6 kwa siku, wengine zaidi. Mwambieni sasa, kabla, ili asidhani ameharibika. Mpangilio wa kupona unafanana kwa wengi: usiku hukauka kwanza, kisha asubuhi, na jioni ni ya mwisho kwa kuwa msuli umeshachoka. Wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya miezi 3 hadi 6, wengine hadi mwaka. Juni na Julai, kwa baridi ya Arusha, figo hutoa mkojo mwingi na kibofu hakistahimili. Wiki mbaya wakati huo haimaanishi anarudi nyuma.

Pimeni kwa mizani ya jikoni: pedi kavu, kisha pedi zote za saa 24. Toeni uzito wa pedi kavu kwa kila pedi iliyotumika; tofauti ya gramu 1 ni mililita 1. Fanyeni siku moja kila wiki, siku ile ile, muandike. Macho yanadanganya, pedi iliyolowa gramu 60 na ya gramu 150 zinafanana.

Hofu ya harufu: mkojo mbichi haunuki sana, unaonuka ni uliokaa au uliokolea kwa kukosa maji. Asipunguze maji. Apunguze kahawa na chai ya rangi, na mbege aiache kwa sasa, vyote vinachokoza kibofu. Anywe sana hadi alasiri, baada ya saa 1 usiku apunguze. Abadilishe pedi kila baada ya saa 3 au 4, anawe, ajikaushe kwa kupangusa si kusugua, apake mafuta mazito kiasi kidogo mapajani. Kanisani akae ukingoni mwa benchi, na abane kabla ya kila kusimama.

Asiende msalani kila dakika 20 kwa tahadhari. Kibofu kitazoea ujazo mdogo.

Fizio_Moshi | Jumanne, saa 9:45 alasiri

Hapo kwenye kusimama: ibada ndefu ya kusimama na kukaa ni zoezi gumu kuliko kutembea kilomita moja. Wiki mbili za kwanza baada ya mpira kutoka, ahudhurie ile fupi ya asubuhi, msuli ukiwa na nguvu.

Na muangalie mkondo wa mkojo. Ukiwa umekuwa mzuri halafu wiki ya 6 hadi ya 12 ukaanza kuwa mwembamba kama uzi, au anasukuma, si suala la mazoezi. Huenda kovu limebana pale paliposhonwa. Arudi kwa daktari, linapanuliwa.

Mlezi_Ngaramtoni | Jumanne, saa 2:30 usiku

Nimeandika yote. La mwisho, samahani, mama ameuliza kwa kuzunguka kuhusu mambo ya chumbani. Na kuna mtu ameshamletea baba vumbi la Kongo, ile dawa ya kienyeji ya nguvu za kiume.

Daktari_Mstaafu_Kili | Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Mwanangu, umefanya vema kuuliza. Hili mwombeni daktari awaeleze baba na mama wakiwa wawili, mtoto asiwe katikati. Lakini uwe nayo mikononi.

Mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume inapita kwenye kuta za tezi dume pande zote mbili. Hata ikiachwa salama hutetereka, na hurudi polepole, miezi 6 hadi 24. Saratani ikiwa imeisogelea, daktari huikata kwa makusudi. Muulizeni: imeachwa pande zote, upande mmoja, au haikuachwa? Jibu hilo linabadilisha matarajio yote. Shahawa hazitakuwepo tena, lakini hisia ya kufika kileleni hubaki. Mkojo kidogo ukitoka wakati huo si uchafu wala ugonjwa, akojoe kabla. Kwa kawaida wanaruhusiwa kukutana kimwili baada ya wiki 6.

Vumbi hilo lisitumike. Hakuna ajuaye lina nini, na mzee ana presha. Sildenafili ipo na husaidia sehemu ya wagonjwa, ila kwa cheti cha daktari, na kamwe asimeze pamoja na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka.

Kuna mawili ambayo hamjayagusa. La kwanza ni majibu ya kinyama, yaani ya maabara iliyochunguza tezi nzima iliyoondolewa: dai nakala ya karatasi, usikubali "majibu ni mazuri" kwa mdomo. Utafute alama ya Gleason (ukali wa saratani), hatua inayoanza na pT (imeenea kiasi gani), kama kingo za kilichokatwa zilikuwa na saratani, na matezi ya limfu mangapi yalichunguzwa na mangapi yalikuwa nayo. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama atahitaji mionzi, na mionzi mara nyingi husubiri mkojo utulie kwanza.

La pili ni PSA, kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume, wiki ya 6 hadi ya 8. Isipimwe mapema, iliyokuwa kwenye damu inahitaji muda kuisha. Tezi ikiwa imeondolewa yote, namba inapaswa kuwa chini ya 0.1. Hapa ndipo watu wanapokosea: maabara nyingi za mitaani hutumia kipimo cha kijiti kinachosoma mstari mmoja au miwili, na mpaka wake ni 4. Kwa mtu asiye na tezi dume kijiti hicho hakisemi lolote, kitaandika "kawaida" hata PSA ikiwa 3, na 3 kwake ni saratani iliyobaki au kurudi. Namba ikifika 0.2 ikathibitishwa mara ya pili, daktari anaanza kupanga matibabu. Nendeni maabara yenye mashine inayotoa tarakimu baada ya nukta, na kila mara iwe maabara hiyo hiyo. Karatasi ikija imeandikwa "hasi" au "kawaida" bila namba, irudisheni dirishani.